Kumhamisha Jerop

Jumanne saa mbili asubuhi, Kiarie aliegesha pikapu yake kuukuu mbele ya yadi ya magari mjini Nakuru, akaweka jiwe chini ya gurudumu la nyuma kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa imeacha kazi kitambo. Alikuwa ameshuka kutoka Kuresoi tangu alfajiri, kuja kuibadilisha na nyingine. Kando yake alikaa Jepleting, jirani yake. Nyuma, juu ya gurudumu la akiba, alikaa Jerop, binti wa Jepleting, aliyekufa mwaka wa 2009.

Muuzaji wa yadi, mtu mmoja mnene aitwaye Levis, alitoka na kikombe cha chai. Aliizunguka pikapu, akapiga teke gurudumu moja, akamtazama msichana.

"Mzee, hii nitachukua, hata kama ni ya kukatwa vyuma. Lakini siwezi kuchukua na mtu ndani. Huyo ashuke."

"Huwa hashuki," Kiarie akasema.

"Basi mtajua vile mtafanya."

Jerop alikuwa amezaliwa humo humo. Mwaka ule mvua ilikuwa imepiga siku nne mfululizo, na Jepleting akashikwa na uchungu akiwa shambani. Gari la Kiarie ndilo lililokuwa la pekee upande ule, kwa hiyo lilibeba viazi, maharusi, waja wazito na maiti, kila mmoja kwa zamu yake. Kwenye kilima cha kuelekea Molo injini ilizima. Kiarie aliiwasha ikakataa. Akashuka akasukuma, akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye tope. Mtoto alitoka juu ya magunia matupu, akapumua kidogo, akaacha. Barabara ile, wananchi walikuwa wameahidiwa, ingewekwa lami kabla ya Krismasi.

Walimzika nyuma ya nyumba ya mamake. Siku iliyofuata Kiarie alipokwenda kupakia viazi alimkuta kwenye magunia yale yale, ananyonya kidole. Akaenda kumwita Jepleting. Jepleting alimkumbatia akaondoka naye, lakini alipofika langoni mikono ilikuwa mitupu na mtoto alikuwa analia garini. Alijaribu mara tatu. Kisha akaacha kujaribu, akawa anakuja yeye. Kila jioni akishamaliza kukama alipanda nyuma ya pikapu, akamnyonyesha mwanawe, akarudi kwake kupika.

Jerop alikua kama watoto wa wengine. Aliota meno, yakang'oka, akaota mengine. Kuhesabu alijifunzia kwenye magunia ya viazi. Maneno hakuwa nayo mengi. Pale Salgaa askari wa trafiki alimsimamisha Kiarie siku moja, akauliza kwa nini anabeba msichana nyuma kama mzigo. "Alikufa, afande," Kiarie akamwambia. Askari akafikiria, akasema basi awe anashikilia vizuri.

Jambo moja Kiarie hakuwahi kumwambia mtu: alijua aliyemuua mtoto yule ni yeye, na lile gari lake bovu. Miaka kumi na sita alilima akiwa na shabaha moja tu, kununua gari ambalo halizimi kilimani. Sasa siku ilikuwa imefika, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Bila kuitoa ile ya zamani kama sehemu ya malipo asingeweza kuipata nyingine. Na ile ya zamani ikikatwa vyuma Jerop akiwa ndani, hakuna aliyejua atakwenda wapi. Jepleting hakuwa amelala usiku kucha kwa kuwaza hilo.

Yadini walikutana na fundi wao, Ooko, ambaye Kiarie alimwamini kwa sababu hajawahi kusifu gari lolote. Ooko aliingia chini ya pikapu waliyoonyeshwa, nyeupe, akakaa huko hadi miguu yake ikasahaulika. Akatoka, akachomoa kijiti cha mafuta akakinusa, akaisikiliza injini akiwa amefumba macho.

"Mzee, hii sina la kusema," akasema mwishowe. "Hii itapanda hata mti."

Kisha akamwangalia Jepleting, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa ile kuukuu kwa mikono miwili.

"Mathe, lori ikikufa njiani, mzigo hauwekwi chini. Unaleta ingine, unageuza nyuma kwa nyuma, unahamisha. Tujaribu hivyo."

Wakayageuza magari, wakashusha milango ya nyuma ikakaribiana ikabaki nafasi ya kiganja. Jepleting alipanda kwenye ile nyeupe, akanyoosha mikono. Kumzika mtoto mara moja alikuwa ameweza, kwa shida. Mara ya pili alijua hataweza.

"Kuja, mama," akamwambia bintiye. "Kuja tu pole pole."

Jerop alisimama. Akaitazama ile nafasi kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Kiarie.

"Hii itafika?"

"Itafika," Kiarie akajibu, na alikuwa anaamini kabisa.

Jerop akavuka. Mamake akamshika, akamshika tena mabegani na usoni, akalia kwa sauti katikati ya yadi. Levis alienda kuleta karatasi za gari.

Mwezi wa nane Mercyline, mke wa jirani wa chini, alishikwa na uchungu saa sita mchana. Walimpandisha nyuma juu ya godoro, Jepleting akampakata kichwa, Jerop akasogea kando. Pikapu nyeupe ilipanda kile kilima bila hata kukohoa. Kiarie alisikia moyo wake ukifunguka. Lakini mbele mto ulikuwa umebeba daraja tangu Mei, na hakuna aliyekuja hata kulitazama. Akageuza kuelekea zahanati mpya, ambayo ilikuwa imezinduliwa mwaka mmoja uliopita kwa hema na hotuba. Ilikuwa imepakwa rangi nzuri. Mlangoni palikuwa na kufuli, na mlinzi akasema muuguzi bado hajatumwa. Akageuza tena, akashika njia ya kuzunguka msituni, saa nzima na nusu.

Mtoto wa kiume alizaliwa huko msituni. Akapumua kidogo, akaacha. Injini ilikuwa inanguruma vizuri wakati wote. Kiarie aliizima kwa mkono wake mwenyewe, akaweka kichwa kwenye usukani, akalia kuliko alivyolia mara ya kwanza, kwa sababu sasa hakuwa na gari la kulaumu.

Walimzika mtoto Alhamisi. Jumamosi jioni Mercyline alikuja kwa Kiarie akitembea taratibu, bado ana maumivu. Kwenye pikapu Jerop alikuwa amempakata kitoto, anakipepea inzi. Mercyline alipanda kwa shida, akampokea mwanawe, akafungua kifua. Jepleting alijisogeza ili apate mahali pa kuegemea.

"Kesho nitaenda soko nimtafutie sweta," Mercyline akasema. "Huku juu ni baridi."

"Nunua kubwa," Jepleting akamwambia. "Huwa wanakua."