Tajiri kwa Miezi Mitatu

Dada yangu Verlene alikuwa maskini halali mpaka mwezi wa Aprili. Nasema halali kwa sababu San Francisco kuna karatasi inayoamua maskini ni nani. Mtu mmoja, anayeishi peke yake, akipata chini ya dola elfu themanini na mbili kwa mwaka, anaruhusiwa kuomba flati za watu wa kipato cha chini. Elfu themanini na mbili! Binamu yetu Ozema, aliyebaki Opelousas kule Louisiana, alipoisikia hesabu hiyo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

"Wee Verlene, hiyo ndiyo njaa yenu huko? Hebu nitumie na mimi hiyo njaa kidogo."

Ozema yuko kiwanda cha kuku, anapata chini ya nusu ya mshahara wa dada yangu. Ana nyumba ya vyumba vinne, baraza mbele, bustani ya bamia nyuma, na chumba cha wageni ambacho shuka zake hazijaguswa tangu Krismasi. Anajiita maskini na serikali inakubaliana naye. Dada yangu, ambaye ukoo mzima kule humwona tajiri na kumpigia simu ya mchango kila mtu akifa, alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya watu huko Antioch, mwendo wa saa mbili kufika kazini, na kwenye friji ameruhusiwa rafu moja. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, rafu moja! Akipika maharage mekundu ya Jumatatu, kama ilivyo desturi ya kwetu Louisiana, sufuria haienei.

Kazi yake ni hospitali, humu mjini. Anaosha visu na mikasi ya wapasuaji, anaipanga kwenye trei, anaiingiza kwenye mashine ya mvuke. Kafanya hivyo miaka ishirini na sita. Wanaopasuliwa wanapona, wanarudi kwenye nyumba zao huku huku mjini, na yeye anapanda treni kurudi kwenye rafu yake.

Alichokitaka ni kitu kimoja: kurudi Fillmore, mtaa wetu wa zamani humu mjini. Hakutaka nyumba kubwa wala bustani. Alitaka kulala pale alipozaliwa.

Mimi nakumbuka, na watu wanachoka kunisikia nikikumbuka. Mama yetu, Eulalie, alitoka Louisiana wakati wa Vita Kuu ya Pili kuja kuchomelea meli, akajibana, akanunua nyumba ya mbao Fillmore. Kisha mji ukasema mtaa wetu ni uchafu, unahitaji kusafishwa. Nilikuwa na miaka kumi, Verlene sita. Tingatinga lilianza na jiko. Verlene alilia akidhani maharage bado yako motoni. Mama akalipwa fedha ambazo hazingenunua hata kibanda mahali pengine mjini, akapewa na cheti: nyumba mpya zikijengwa, waliohamishwa watatangulizwa. Uwanja ukakaa mtupu, ukaota nyasi, ukawa maegesho. Mama akafa akingojea. Nilimwambia mwenyewe, miaka mingi kabla hajafa, akichane kile cheti. Akaniuliza, "Nikikichana, nitakuwa nimetoka wapi?"

Haki ile ikatushukia sisi watoto. Halafu, mwaka jana, wakajenga. Ghorofa sita, kioo kitupu, na ndani yake flati saba zimewekwa kando kwa ajili ya maskini wa karatasi. Majina huchezeshwa kura, na wenye cheti wanapanda juu. Verlene akatoka namba nne.

Alikuja chumbani kwangu siku hiyohiyo na fomu. Mimi naishi hoteli ya zamani, chumba kimoja, choo mwisho wa korido. Aliketi kitandani kwa sababu kiti ni kimoja na kimejaa magazeti.

"Kaka, soma hapa. 'Watu watakaoishi kwenye nyumba.' Ninaandika majina mawili, mimi na wewe. Utalala sebuleni, nitanunua kochi la kukunjua."

"Usiniandike."

"Kwa nini nisikuandike? Wewe una nini cha kuacha hapa? Hilo rundo la magazeti?"

"Verlene, mimi siombi kupangishwa kile nilichonyang'anywa. Niende nipige magoti, nionyeshe risiti za umaskini wangu, waniambie asante, umefaulu kuwa fukara? Sitaki jina langu kwenye karatasi yao."

"Sijakwambia upige magoti. Nimekwambia ulale sebuleni."

"Hapana."

Alinitazama vile Mama alivyokuwa akinitazama. "Haya bwana mkubwa," akasema. "Endelea kuwa na msimamo. Choo bado kiko mwisho wa korido." Akaandika jina moja.

Nilijivunia nafsi yangu wiki nzima.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyotajirika. Kule anakoosha visu wana desturi yao. Zamu za ziada za Jumamosi zinalipwa mara moja na nusu, na watu huzigombania hadi kununiana. Lakini mmoja wao akifikwa na jambo kubwa, harusi, msiba, kuhama nyumba, wenzake wote humwachia Jumamosi zao. Hakuna anayeagizwa. Jina lako linaandikwa kwenye ubao kwa kalamu nyekundu, na hakuna mtu mwingine atakayeligusa mpaka jambo lako liishe.

Aliyeliandika la Verlene ni Marivic, Mfilipino mfupi mwenye mdomo mrefu, wamefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na tano.

"Ate Verlene," alimwambia. Ndivyo wao wanavyomwita dada mkubwa. "Dipoziti utaitoa wapi? Kitanda je? Au utaingia Fillmore na mifuko ya plastiki kama mkimbizi?"

"Nitaingia na sufuria yangu."

"Sufuria hailaliwi. Jumamosi zote hizi ni zako mpaka uhame. Na ukishahama, mimi ndiye mgeni wa kwanza, usinipikie kitu chenye pilipili."

Jumamosi kumi na moja. Alirudi Antioch miguu imevimba kama mikate, na kila wiki alinipigia simu kuniambia kanunua nini. Mapazia ya njano. Mito miwili. "Mmoja wako," alisema, "ukichoka na msimamo uje hata kulala Jumapili." Mimi ndiye niliyemwambia akaze. Nilisema, Mama alitoka pale mikono mitupu, wewe ingia na fedha mkononi wakuone.

Tukaitwa mwisho wa Aprili. Nilimsindikiza, nimevaa koti la mazishi. Ofisi ilikuwa chini ya jengo hilohilo, inanuka rangi mpya. Aliyetupokea alikuwa Bi Yamane, mama wa makamo, miwani kwenye kamba, mezani ana kikombe cha chai kilichopoa. Alizipitia slipu za mshahara za Verlene moja moja, akabonyeza kikokotoo, akabonyeza tena. Nikaona mdomo wake umebana.

"Bi Broussard, hizi Jumamosi ni nini?"

"Zawadi," dada yangu akasema, anatabasamu. "Wenzangu wameniachia, nipate dipoziti."

"Ninaelewa. Shida ni kwamba tunachukua miezi mitatu ya mwisho, tunazidisha mara nne. Ndivyo tunavyopata mwaka." Akageuza kikokotoo kituelekee. "Elfu themanini na tano na mia moja."

Verlene alitazama ile namba kama anayetazama picha ya mtu asiyemjua.

"Lakini mama, mimi sijawahi kupata hizo. Mwaka jana nilipata elfu sabini na moja. Nina karatasi ya kodi ya mapato hapa."

"Ninaiona. Lakini kanuni inaangalia kipato cha sasa. Kwa kipato cha sasa, wewe umezidi."

"Nimezidi nini?"

"Umezidi umaskini," nikasema mimi. Nilikuwa nimeshasimama. "Hongera, mdogo wangu, umekuwa tajiri! Tajiri wa rafu moja! Mama, wewe unajua uwanja huu ulikuwa wa nani? Hapo ulipoweka hiyo chai palikuwa na—"

"Alcide, kaa."

"Sikai! Wanawabomolea watu jiko, wanangoja waliokuwemo wafe, halafu wanamkagua aliyebaki kama—"

"Kaka. Kaa chini, au toka nje."

Nikakaa. Bi Yamane hakupandisha sauti. Alivua miwani.

"Bwana Broussard, babu yangu alikuwa na duka la nguo mitaa miwili kutoka hapa. Yeye waliwahi kumtoa kabla yenu, wakampeleka kambini wakati wa vita, kwa kosa la kuwa Mjapani. Mimi naishi Vacaville. Naamka saa kumi alfajiri kuja kugawa nyumba ambazo mwenyewe siruhusiwi kuomba, maana mume wangu ni mwalimu na tukijumlishwa tunakuwa matajiri. Ukitaka kupiga kelele, piga. Nitakusikiliza. Namba haitashuka."

Nikaitazama ile chai yake iliyopoa.

Verlene akauliza kama barua ya msimamizi wake ingesaidia, ya kusema zile Jumamosi zimekwisha. Bi Yamane akasema ingesaidia kama ingeletwa kabla fomu haijafungwa, na ilifungwa Ijumaa. Kisha akachungulia tena fomu, akageuza ukurasa, na akasema kitu ambacho hakuwa na lazima ya kukisema. Nadhani alidhani anatafuta njia.

"Ungekuwa na mtu wa pili, mambo yangekuwa mengine. Nyumba ya watu wawili kiwango ni elfu tisini na nne. Huna mtu unayeishi naye? Mama, mtoto, ndugu? Hata mwenye pensheni ndogo tu?"

Pensheni yangu ni dola elfu nane na mia saba kwa mwaka. Hesabu ile niliifanya kichwani kabla hajamaliza kusema, na Verlene aliifanya kabla yangu. Themanini na tano na mia moja, ongeza nane na mia saba. Tungekuwa chini ya mstari kwa dola mia mbili.

Nilimwambia Bi Yamane, "Niandike. Niandike sasa hivi. Mimi ndiye ndugu."

"Idadi ya watu haibadilishwi fomu ikishafungwa, Bwana Broussard. Samahani sana."

Dada yangu hakunigeukia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Angenitukana ningejua nishike wapi. Alizikusanya slipu zake, akazigonga mezani zikae sawa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaweza kuiona hiyo flati, kuiona tu.

Ghorofa ya tatu. Bi Yamane alifungua mlango akabaki kwenye korido, akatuacha. Sebule, chumba, jiko la kusimama watu wawili wakibanana. Nilitaka kuidharau. Nilitafuta ufa, nikatafuta kitu cha rahisi rahisi, nikabonyeza ukuta kwa kidole. Ukuta ulikuwa mzima.

Verlene alivua viatu. Akatembea na soksi mpaka dirishani, akatoka dirishani mpaka jikoni, akahesabu hatua midomo inacheza. Akanyoosha mikono kupima pa kuweka meza. Akafungua friji. Ilikuwa mpya, imezimwa, rafu nne, na mlangoni nyingine tatu. Akaweka kiganja kwenye rafu ya juu, akaweka kwenye ya pili, akafika mpaka chini, kisha akaifunga taratibu.

"Jua linaingilia huku asubuhi," akasema. "Mama alikuwa anaanika taulo za vyombo upande huu."

"Unakumbuka?"

"Sikumbuki. Wewe uliniambia. Kila kitu nilichonacho cha nyumba ile ni wewe uliniambia." Akavaa kiatu kimoja, akaegemea ukuta kuvaa cha pili. "Miaka hamsini unanisimulia, Alcide. Umenitia hamu ya mahali ambapo mimi mwenyewe hata rangi ya mlango siikumbuki. Halafu nakuomba jina tu."

"Nilikosea."

"Ulikosea, ndiyo."

Tukashuka. Barabarani simu yake ikalia, Ozema, anataka kujua kama aanze kumwita mama mwenye nyumba. Verlene akamweleza kwa maneno machache. Nilimsikia binamu akipaza sauti kule upande wa pili: "Basi achana nao! Rudi kwetu! Na pensheni utakayostaafu nayo huku utaishi kama malkia, utanunua nyumba, na bata juu yake!"

"Najua," Verlene akasema. "Najua, Ozema. Huko ningekuwa tajiri." Akageuka kulitazama jengo. "Lakini huko siko nilikotoka."

Akakata simu. Akafungua mkoba akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. Alikuwa amezichukua juu ya meza ya Bi Yamane wakati tunaaga: fomu ya jengo lingine, mtaa wa juu yake, litakalokamilika baada ya miaka miwili. Flati tano. Mara ya mwisho waliomba watu elfu nne na mia tatu.

"Jumamosi nitazikataa," akasema. "Zote. Nitakuwa maskini vilevile wanavyopenda, wasije wakanikuta hata na dola ya ziada. Miaka miwili mingine ya Antioch, nitaiweza. Marivic nitamweleza, atalia, lakini atanielewa." Akanipa kalamu. "Mstari wa pili."

Niliweka fomu juu ya boneti ya gari la mtu. Nilibonyeza kalamu kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi, maana nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe. Nikaandika jina langu lote. Nikaandika dola elfu nane na mia saba. Penye uhusiano na mwombaji nikaandika: kaka.

Verlene alisoma, macho yamesogea karibu na karatasi.

"Hiyo saba inafanana na moja. Irudie, wasije wakasema hawasomi."

Nikairudia. Akaikunja fomu, akaangalia saa, akasema treni ya saa tisa akiikosa itabidi asimame njia nzima. Lakini hakuondoka mara moja. Alisimama kando ya barabara mkoba kifuani, uso juu, akihesabu madirisha ya ghorofa ya tatu kutoka kushoto, mpaka alipolipata lile la flati ile.