Swali Alilolibakisha Polikarpo

Kwa mara ya tano asubuhi hiyo, kompyuta ya zahanati ilimuuliza karani Polikarpo maswali yaleyale: zahanati gani, mwezi gani, chanjo gani. Alikwisha kuyajibu kwenye ripoti ya kwanza, ile ya jumla, iliyosema watoto arobaini na mmoja wa Mbagala hawakurudi kuchomwa chanjo ya pili ya surua. Ukibonyeza hiyo arobaini na moja, inafunguka ripoti nyingine yenye majina. Ila kabla ya kufunguka inakuuliza upya, kama mtu asiyewahi kukuona.

Na ukiruka swali, inajijibu yenyewe kwa zahanati ya kwanza kwenye orodha. Ndivyo ilivyokuwa juma lililopita. Nesi Hamida alizunguka na jua la saa saba akipiga hodi kwa watoto wa zahanati nyingine, waliokwisha kuchanjwa zamani, akina mama wakamwona msumbufu. Siku hiyohiyo mtoto mmoja wa mtaa wa pili alilazwa kwa surua.

Aliyeruka swali ni Polikarpo. Hamida hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

Akampigia simu Loveness, binti anayetengeneza ripoti huko makao makuu, Msasani. Loveness alimwamkia, kisha akamweleza taratibu pa kubonyeza. Kila swali lilikuwa na njia mbili: jibu libebwe kutoka ripoti ya kwanza, au mtumiaji aulizwe. Polikarpo, ambaye alitoka Masasi na mwandiko mzuri tu, alifuata kwa kidole kimoja. Zahanati, ibebwe. Mwezi, ubebwe. Chanjo, ibebwe. Likabaki swali la mtaa, ambalo huulizwa na ripoti ya majina peke yake.

"Mtaa weka yote, mzee wangu," Loveness alisema. "Hutaulizwa kitu tena."

"Hapana, mwanangu. Mtaa iniulize. Hamida ana miguu miwili tu."

Akabonyeza arobaini na moja. Kompyuta ikauliza swali moja. Akaandika Kizuiani.

Majina tisa yakajipanga, kila moja na la mama yake. Polikarpo akavua miwani, akaivaa tena. Miaka kumi na moja alikuwa akiwajumlisha watoto kama hawa, kwanza kwa vijiti vitano vitano daftarini, baadaye kwa namba, na hakuwahi kukutana na hata mmoja. Sasa walikuwa wametoka ndani ya namba, mmoja mmoja, wakasimama mbele yake. Alijihisi kama aliyeingia kanisani katikati ya sala. Hata kiti alikisogeza polepole.

Mchana alitoka na Hamida, yeye akabeba kisanduku cha chanjo chenye barafu. Nyumba ya tatu walimkuta mwanamke aitwaye Chausiku akianua nguo. Alisema alisafiri kumuuguza mama yake, na aliporudi akaona tarehe imepita mno, akaogopa kusemwa kliniki. Polikarpo akampa karatasi ya majina aliyoichapisha asubuhi. Chausiku aliisoma, akaweka kidole juu ya jina la mwanawe.

"Kumbe mlikuwa mnamjua?"

Polikarpo akageuka kumtafuta mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni, tumbo wazi, akimkazia macho. Hamida alivuta dawa kwenye sindano, akamwomba mzee amshikie mtoto mkono. Polikarpo akapiga goti mchangani, akaushika: mkono mdogo, wenye joto, umegandwa na chembe za ugali, na mapigo yake yakienda mbio chini ya dole gumba lake.