Siku Chuo cha Pruitt Kiliposhinda

Kocha Merle Tvedt alikuwa amefungwa mechi hamsini na saba mfululizo za mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Katika mji wa Pruitt, Nebraska, hakuna aliyemchukia tena. Walimzoea kama walivyoizoea baridi. Kinyozi alimkata nywele bila kugusia mpira. Kila Jumapili mchungaji alimwombea pamoja na wagonjwa, kati ya bibi aliyevunjika nyonga na mzee wa figo.

Jumamosi moja ya Novemba theluji ilianguka tangu alfajiri. Saa saba mchana vijana wa Pruitt walikuwa uwanjani na kofia zao ngumu, lakini wapinzani wao, Chuo cha Saint Odo, hawakuonekana. Ikaja simu kwamba basi lao limetumbukia mtaroni maili kumi na mbili kutoka mjini, hakuna aliyeumia. Mwamuzi akatazama saa yake, akasema wasipofika hadi saa tisa, Pruitt watapewa ushindi.

Jukwaani hawakungoja saa tisa. Watu walishuka, wakaing'oa nguzo ya goli la kaskazini na kuibeba hadi mtoni huku wakiimba, maana kwenye televisheni walikuwa wameona washindi wakifanya hivyo.

Merle alikuwa ameuota ushindi miaka sita. Hata mara moja hakuuota bila mpinzani. Akachukua ufunguo wa basi la chuo.

"Unakwenda wapi?" mkewe, Ardis, akamuuliza.

"Kuwaleta."

"Merle, ukikaa tu hapo ulipo umeshinda."

"Ndiyo maana siwezi kukaa."

Ardis akasema hao watakuja na njaa, akaenda kuwasha jiko.

Merle aliwakuta vijana arobaini na tatu wamejikunyata kando ya barabara. Kocha wao, Gaylord Penz, ambaye alikuwa hajafungwa mechi kumi na tisa, alidhani anataniwa.

"Wewe ndiye Tvedt? Yule wa hamsini na saba?"

"Ndiye mimi."

"Na umekuja kutuchukua ili tukufunge."

"Pandeni, baridi inaingia."

Walifika saa nane na nusu. Ardis na akina mama wenzake walikuwa wameandaa masufuria ya chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini ya kuchovya humo. Vijana wa Saint Odo hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Wengine walimaliza mabakuli matano. Penz mwenyewe alirudi mara tatu.

Mechi ilipoanza walikimbia kama watu waliobeba magunia. Mlinzi wao mkubwa kuliko wote aliomba ruhusa ya kukaa chini. Hata hivyo waliongoza tatu kwa bila hadi robo ya mwisho, ndipo mmoja wao akaangusha mpira. Duane Krull wa Pruitt, mwanafunzi wa utabibu wa mifugo, akauokota na kukimbia yadi thelathini hadi mwisho wa uwanja upande wa kaskazini. Hizo ni pointi sita: sita kwa tatu. Teke la pointi ya ziada, la kupitisha mpira golini, halikupigwa, kwa kuwa nguzo ilikuwa mtoni.

Kipenga cha mwisho kilipolia, jukwaa lilikuwa karibu tupu. Watu walikuwa wameshasherehekea, wamerudi nyumbani. Merle alilala chali kwenye theluji akalia, vijana wakadhani ameshikwa na ugonjwa wa moyo.

Jumanne ikaja barua ya ligi. Saint Odo walikuwa wamelalamika. Kamati ilisema ushindi wa uwanjani umefutwa, kwani wageni walilemazwa na chakula cha wenyeji. Ushindi wa mezani nao haukuwezekana, kwani wageni walifika. Na kwa vile kila mechi lazima iwe na aliyeshindwa, Pruitt waliandikiwa kipigo cha hamsini na nane.

Merle aliwasomea vijana barua, akawauliza kama wanataka kukata rufaa.

"Mimi nilikimbia, Kocha," Duane akasema. "Niliiona ile mistari inapita chini ya miguu yangu."

Wenzake wakakubaliana naye kwa vichwa, wakaenda mazoezini.

Jioni Ardis alitaka kujua kamati imesema nini kuhusu chili yake.

"Kwamba ilikuwa nyingi mno."

"Walijipakulia wenyewe," akasema Ardis, akamsogezea bakuli.