Faini ya Furaha

Kwetu Sutter baridi haibishi hodi. Huingia Novemba na kukaa mpaka mtu asahau majani yana rangi gani. Watu wa mji huu wana vitu viwili tu vya kuwafikisha Machi wakiwa na akili zao timamu: mpira wa kikapu, na Nyumba ya Kioo ya Marlys Hoekstra.

Nyumba ya Kioo iko nyuma ya maabara za mimea za chuo chetu, ambako Marlys anafundisha. Nje pua inaganda, lakini ukifungua ule mlango wa pili joto linakupokea mwili mzima, miwani inafunga ukungu, na kwa muda huoni kitu. Unasikia matone tu yakidondoka kutoka paani, na harufu ya udongo uliolowa. Ukungu ukitoka, unaona mgomba. Mgomba mzima, katikati ya Nebraska, majani yake yamegusa dari. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Marlys aliupanda wake kwenye theluji, na kila mwaka ulizaa mkungu wa vindizi vidogo ambavyo aliwagawia wanafunzi wake kama tunu.

Mimi naitwa Lowell Brandvold. Nafundisha uhasibu hapo chuoni. Kiti changu uwanjani kimekuwa kando ya kiti cha Marlys tangu mume wake alipofariki na mke wangu alipohamia Arizona na daktari wa meno. Kabla ya kila mchezo tunakula pamoja bakuli la maharage na nyama yenye pilipili, na mkate wa mdalasini wa kuchovya humo. Mgeni akiona anakunja uso. Shauri yake.

Usidhani Marlys alikuwa mama mpole wa maua. Uwanjani alikuwa moto. "We refa!" alikuwa akipiga kelele, mwanamke wa miaka sitini na sita mwenye goti bovu. "Miwani yako umeisahau kwa mkweo?"

"Kaa chini, mama, utapasua mshipa," nilikuwa nikimwambia.

"Kaa wewe, mhasibu. Ndiyo kazi unayoiweza."

Sasa niseme habari za fedha, maana ndiyo kazi yangu na ndiyo inayonitia hasira. Kocha wetu analipwa mshahara wa maprofesa arobaini. Kila mwaka chuo kinaimwagia idara ya michezo mamilioni, kwa matumaini kwamba Korongo, timu yetu, wataingia kwenye orodha ya Jumatatu. Waandishi wa michezo wa nchi nzima hupiga kura, na Jumatatu mchana hutangazwa timu ishirini na tano bora. Wakubwa wetu wanaamini jina letu likiwa humo, wanafunzi watakuja kama mafuriko na matajiri watafungua pochi. Kwa miaka mingi halikuwamo, na kila mwaka jibu lilikuwa kuongeza fedha. Hizo ni hesabu za mganga: ukipona ni dawa yake, usipopona ni ukaidi wako.

Januari Korongo wakaifunga timu iliyokuwa namba kumi na nne. Wanafunzi wakafanya wanachofanya wanafunzi wa nchi hii yote pale mdogo anapomwangusha mkubwa: walimwagika uwanjani. Waliruka vizuizi, wakajaa sakafu nzima, wakawabeba wachezaji mabegani. Ni mila. Wazee wa mji wanasimulia walivyoshuka wao enzi zao mpaka leo, na baadhi yao nina hakika hata uwanjani hawakuwepo. Lakini ligi haitaki, inasema wageni wataumia, na kila watu wakishuka, chuo kinatozwa faini. Mara ya kwanza dola laki moja. Mara ya pili katika msimu huohuo, laki mbili na nusu.

"Fedha za michezo ni za michezo," Grant Tolliver, mkurugenzi wa michezo, alituambia kwenye kikao. "Walioshuka ni wanafunzi, na wanafunzi ni wa chuo. Chuo kilipe." Chuo kikalipa kwa kufunga bwawa la kuogelea. Kisha akafungua kalenda. Februari walikuwa wanakuja Ashcombe, timu namba moja nchini. "Wakishuka tena, kilichobaki kukatwa ni gesi ya kupashia joto Nyumba ya Kioo. Samahani, Marlys."

"Grant," Marlys alisema, "mgomba wangu haujawahi kushuka uwanjani hata siku moja."

Watu walicheka. Haikusaidia kitu, uamuzi ukapita.

Wiki ya mchezo ule, wanafunzi walipiga mahema nje ya uwanja kama desturi yao, kupanga foleni ya viti vya mbele. Theluji ilikuwa imefika magotini na upepo ulikuwa unatoka Kanada bila kituo njiani. Marlys alipita akaona vidole vya wale vijana vimekuwa vyeupe kama chaki. Akafungua mlango wake. "Ingieni," aliwaambia. "Ndani kuna joto."

Asubuhi yake nilimpelekea kahawa. Jua lilikuwa ndio kwanza linachomoza, na vioo vyote vilikuwa vimegeuka rangi ya chungwa. Chini ya mgomba, katikati ya makangaga na mivanila, walikuwa wamelala watoto labda hamsini, wamejikunja kwenye mablanketi, wengine wameegemea vyungu. Matone yalikuwa yanawadondokea na hakuna aliyeamka. Kijana mmoja mrefu alikuwa amelala na jani la mgomba usoni. Mvuke ulipanda polepole kutoka kwenye pumzi zao, na nikashindwa kujua ni wapi watu wanaishia na mimea inaanzia. Nilisimama na vikombe vyangu nikaogopa hata kukohoa.

Marlys alikuwa akimwagilia kimyakimya, akiruka miguu yao.

"Wote hawa wataniua kwa kukoroma," alininong'oneza. Lakini uso wake ulikuwa unang'aa. Miaka yote alikuwa akiwaomba wanafunzi waje kutazama, na walikuwa wakija watatu, wanne, walioahidiwa alama.

Aliyeamka wa kwanza alikuwa Brisa Olvera, kiongozi wa mashabiki. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kushangilia tangu Novemba, na kila mchezo alivaa vazi la ndizi kwa heshima ya mgomba huu. Mama yake anakata nyama kiwandani Lexington. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni, na ile Januari, wenzake waliposhuka, yeye alikuwa kitandani na homa.

Mimi ndiye niliyemwambia habari za gesi. Marlys hakutaka, lakini mimi sijui kunyamaza mbele ya hesabu mbaya.

Brisa aliweka mkono kwenye shina la mgomba. "Kwa hiyo tukishinda, tusishuke?"

"Shindeni kwanza," nilisema. "Hao ni namba moja, binti. Msihangaikie mbeleko na mwana hajazaliwa."

"Mzee Brandvold, wewe ulishuka ulipokuwa mwanafunzi?"

"Sikushuka. Nilikuwa na mtihani kesho yake."

Alinitazama kwa huruma, mimi mwenye umri wa babu yake, kisha akasema, "Dokta, usijali. Nitazungumza nao."

Marlys aligeuka. Akaendelea kumwagilia chungu ambacho kilikuwa kimeshalowa.

Mchezo wenyewe naukumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto, vipande vipande, na sauti zikiwa mbali. Ashcombe walikuwa warefu mno, wanakimbia bila kutoa jasho. Tulikuwa nyuma, tukawa nyuma zaidi, kisha bila mtu kuelewa vipi, tukawa sawa. Marlys aliacha kumtukana refa. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Alinishika mkono, na glavu yake ilikuwa na udongo.

Tobin Ruzicka, kijana wetu kutoka mji wenye ghala moja la nafaka na makanisa mawili, alirusha mpira kutoka mbali. Mpira ulipaa. Nakuapia ulikaa juu kupita kawaida, taratibu, unazunguka chini ya taa, na watu elfu tisa wakanyamaza chini yake. King'ora kikalia ukiwa bado hewani. Kisha ukapita katikati ya wavu bila kugusa chuma.

Tulikuwa tumemfunga namba moja.

Kelele zilizopasuka sijawahi kuzisikia tena. Wanafunzi waliteremka kwenye ngazi kama maji. Nikafumba macho, nikaona mgomba umekuwa mweusi kwa baridi. Nilipofumbua, kelele zilikuwa zinakufa.

Walikuwa wamesimama. Wote. Ncha za viatu vyao zilikuwa zimegusa mstari wa uwanja na hakuna kiatu hata kimoja kilichouvuka. Brisa, ndani ya vazi lake la ndizi, alikuwa mbele yao amenyoosha mikono, na wenzake wameshikana viwiko nyuma yake, safu hadi safu. Wachezaji wetu walibaki peke yao katikati ya sakafu ile inayong'aa, wanatazama huku na huku kama watu waliofika harusini wakakuta siyo siku yake. Ashcombe nao walisimama wanashangaa. Brisa alikuwa analia. Wengi wao walikuwa wanalia, na walikuwa wanatetemeka kwa kujizuia.

"Unaona, Marlys?" nilisema. "Wanafanya kwa ajili yako."

"Naona," alisema. "Nishikie hizi."

Akanipa glavu zake. Akaanza kuteremka, goti lile bovu, ngazi moja baada ya nyingine, na watu wakampisha. Uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kila neno.

"Brisa, mnangoja nini?"

"Dokta, mimea..."

"Mimea ni yangu. Nitajua cha kuifanyia."

"Tulikubaliana sote, Dokta. Kweli, hatuna neno."

"Mwongo we. Kamasi zimekujaa mpaka kidevuni." Alimfuta kwa ncha ya skafu yake. "Mtoto, mgomba nitapanda mwingine. Jioni hii utaipanda wapi?"

Kisha Marlys Hoekstra akavuka mstari. Alivaa buti zake za kazini, na hatua ya kwanza ikaacha alama ya udongo mweusi kwenye mbao zile zilizopakwa vanishi ya maelfu ya dola. Hatua ya pili ikaacha nyingine. Alitembea hivyo mpaka katikati, akamshika Tobin Ruzicka mashavu, akambusu paji la uso.

Mafuriko yakafuata. Ndizi moja kubwa ya njano ilipaa juu ya vichwa vya watu, inapiga kelele bila sauti.

Na mimi? Nilipiga hesabu. Laki mbili na nusu zilikuwa zimeshaondoka, na mtu mmoja zaidi hakuongeza hata senti. Nikashuka. Tena nilikimbia. Na nikiwa katikati ya jasho na machozi ya watoto wa watu, nilijua kwamba nampenda Marlys, na kwamba nimempenda muda mrefu.

Jumatatu mchana orodha ilitoka. Korongo walikuwa namba kumi na tisa. Kengele za chuo zililia, na Tolliver akapiga picha na kocha. Ijumaa wakafunga gesi.

Kabla hawajafunga, wanafunzi walikuja. Hakuna aliyewaita. Walikuja na makoti, mablanketi, masanduku ya viatu, wakabeba vyungu ndani ya nguo zao kama mtu anavyombeba mtoto mchanga, na msafara ukatembea kwenye theluji, majani yakichungulia kwenye kola. Mgomba haukupita mlangoni. Marlys aliukata mwenyewe kwa msumeno, hakutaka msaada, na alilia kwa sauti bila kujificha. Machipukizi aliyang'oa na mizizi yake. Mimi nilipewa moja. Brisa lingine.

Korongo walifungwa michezo mitatu mfululizo, na kwenye orodha jina letu likatoweka. Siku hizi ukiuliza mtaani tulikuwa namba ngapi, watu wanabishana.

Jioni moja ya Machi nilitembea na Marlys chuoni. Theluji ilikuwa inaanguka tena, nyembamba, bila upepo. Nyumba ya Kioo ilikuwa imeota barafu kwa ndani. Alipita bila kuitazama, ila aliharakisha hatua.

"Unajuta?" nilimuuliza.

"Kila asubuhi," alisema. "Naamka nataka kwenda kumwagilia, kisha nakumbuka. Unadhani mimi malaika?"

Tukafika kwenye mabweni. Taa zilikuwa zimewashwa, na karibu kila dirisha lilikuwa na jani limejibandika kwenye kioo: kangaga, vanila, okidi, ghorofa juu ya ghorofa. Alisimama kwenye theluji akawa anayataja kwa majina, kidole juu, kama mtu anayeita mahudhurio. Kwenye dirisha la chini kulikuwa na chipukizi la mgomba, na majani yake yalikuwa yameanza kuwa manjano pembeni.

"Lo! Anauzamisha!" Akaenda kugonga kile kioo kwa ngumi. "Maji mengi mno, we mtoto! Mgomba siyo samaki!"

Dirisha likafunguliwa. Brisa alitoa kichwa, sauti yake bado haijarudi sawasawa. Alimwona Marlys, theluji mabegani, vidole vimekuwa vyeupe.

"Dokta, utaganda hapo," alisema. "Ingieni, na mzee naye. Ndani kuna joto."