Gari Lapata Pedali ya Tatu

Siku gari letu lilipogoma kwenye robot za Turffontein, yaani taa za barabarani, ilikuwa imewaka ya kijani na watu nyuma yetu walipiga honi utadhani wanasindikiza bibi harusi. Mjukuu wangu Mayasa ndiye aliyekuwa kwenye usukani, bado anajifunza. Baba yake, mwanangu Twalib, alishuka kusukuma. Mimi nilibaki kiti cha nyuma na mfuko wangu wa nyanya, maana magoti yangu hayasukumi gari tena.

"Eish, Bibi, mtihani wangu!" Mayasa akasema, machozi yakimlengalenga.

Mtihani wa leseni ulikuwa umekaribia. Zabibu, mtu wa kwetu Tanga, anayepika sambusa na kuzisambaza madukani, alikuwa amemwekea kazi ya kuendesha kigari chake. Mtoto amekaa nyumbani tangu amalize shule, anaosha hata vikombe visivyo na uchafu. Ila kigari cha Zabibu ni cha gia za mkono, na gari letu lilikuwa otomatiki. Huku ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni yako ni ya otomatiki tu. Twalib alikuwa anahangaika kuazima gari la mkono, kila mtu anampa pole badala ya gari. Zabibu naye alishasema: "Mama, namngoja mpaka siku ya mtihani. Akikosa, namchukua mwingine. Sambusa zikipoa hazina mnunuzi."

Gari likasukumwa hadi kwa Octave, Mkongo wa Lubumbashi, anayetengeneza magari uani kwake mtaa wa pili. Akalala chini, akachungulia, akatoka anajifuta mikono.

"Mama Saida, gia boksi imekufa kabisa. Nitafute ingine ya otomatiki, ao tutie ya mkono?"

"Inawezekana?" Mayasa akaruka.

"Njo kazi yangu hiyo." Kwao "njo" ni "ndiyo".

Nilipeleka chai kila siku, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaangalia. Octave alitandika blanketi kuukuu na kupanga vitu juu yake kama anayepanga vyombo vya karamu. Gia boksi yenyewe, imeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa. Flaiwili nzito ya kufunga nyuma ya injini, maana ya otomatiki ni bati jembamba tu. Sahani ya klachi, mfano wa chapati iliyoungua pembeni, na kifuniko chake chenye vidole vya chuma. Beringi ya kuisukuma. Pampu mbili ndogo za klachi na bomba lake. Mkono wa gia na nyaya zake, shafti za magurudumu, na kompyuta ya gari la mkono, kwa sababu ile ya zamani ingeendelea kuitafuta gia boksi iliyokufa. Vyote vikaingia, kimoja kimoja. Kikabaki chuma kinachobeba pedali, chenye ya tatu, ile ya klachi.

Hapo Octave akajiingiza chini ya dashibodi, miguu nje. Nikasikia kugonga. Kisha kimya. Kisha kugonga tena.

"Inakatala!" akapiga kelele. "Matundu hayakutane!"

Akatoka, jasho linamtiririka, akakigeuza kile chuma, akakiangalia sana. "Mama, hii ni ya gari ya usukani wa kushoto. Hii ni ya kwetu Congo!"

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Gustave, kule anauza skrepu. Lakini siende mimi. Gustave atanicheka mpaka Noeli."

Mtihani ulikuwa wiki inayofuata, na Mayasa hajakanyaga klachi hata mara moja. Nikafunga chuma kwenye khanga, nikaenda na Twalib.

Gustave alikuwa na wateja. Nikamsalimia, nikaulizia watoto, nikaketi kwenye tairi mpaka wakaisha. Nilipofungua khanga na kumweleza yaliyompata Octave, akashika kiuno.

"Mama, huyu Octave! Alikuja akanisalimia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akauliza habari ya mama yangu, akauliza mvua kama imenyesha kule. Mimi nikajua mutu anatuma vitu nyumbani. Nikamupa kwenye fungu la kontena ya Congo, tena ile muzuri kabisa!"

"Hukumuuliza gari liko wapi?"

"Mutu wa kwetu akitafuta pedali, gari iko kwetu! Naye hakusema."

"Basi nipe ya usukani wa kulia, baba."

"Sikupi," akasema, akivua aproni. "Naileta mimi. Ile sura yake siikose."

Tulipoingia uani, Octave akafunika uso kwa tambara.

"Bwana wa usukani wa kushoto!" Gustave akapiga kelele. "Sema nikupe na barabara yake?"

"Wewe njo ulinipa!"

"Wewe njo ulipokea! Hukuwa na macho?"

Waliingia wote wawili chini ya dashibodi, vichwa vinagongana, matusi ya kindugu hayaishi, na chuma kikakaa mahali pake. Octave akawasha. Gari likanguruma. Mayasa akanikumbatia, nikamwaga chai.

Basi ikabaki kujifunza. Klachi ilimtesa. Gari liliruka kama mbuzi, likazimika, likaruka tena. Tulienda kila jioni kwenye kile kilima cha kuelekea Rosettenville, maana kwenye mtihani gari likirudi nyuma hata kidogo, umeanguka. Twalib alikuwa anapaza sauti, nikamhamishia kiti cha nyuma, nikawaambia wote wanyamaze. "Mama, iachie taratibu," nikamwambia Mayasa, "mpaka uisikie inanong'ona, ndipo ushushe breki."

"Bibi, wewe hata huendeshi!"

"Masikio ninayo."

Siku ya mtihani, kule Randburg, tulikaa nje kwenye ukuta mfupi, mimi, Twalib, na Octave aliyesema amekuja kuangalia gari, si mtoto. Mayasa alitokea anatembea polepole, ameinamisha kichwa, karatasi mkononi. Alipotufikia akainua uso, meno yote nje.

"Sharp, Bibi. Kilimani halikurudi hata kidogo."

Octave akapiga vigelegele kuliko mimi. Twalib akampigia simu Zabibu, akaweka sauti ya juu.

"Kafaulu? Gia za mkono?" Zabibu akauliza.

"Za mkono."

"Basi aje kesho alfajiri, na aje ameshakula. Akiwa na njaa atazimaliza sambusa njiani."