Jiko la Séphora Mpakani

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Mama yangu alikuwa akisema, Bagula akikasirika hata kuku wanahama uwanja. Donc, asubuhi ile Mama Erick alipokuja kusimama nyuma ya maua yake na kuniambia eti nimejenga kwenye ardhi yake, niliitupa nyundo chini.

"Ardhi ya nani?" nikamwuliza. "Maua yako hayo hapo, mimi niko huku. Una macho ama huna?"

"Hata shikamoo hakuna," akasema. "Haya. Nguzo zako mbili ziko kwangu, baba. Zing'oe."

Mama Erick, jina lake Germana, ni Mtanzania wa Bukoba, mjane, umri umepita sitini na tano. Nyumba yake na yangu zinapakana hapa East Side, Buffalo, Marekani, na katikati kuna mstari wa vichaka vya maua ya zambarau vinavyonukia kila mwezi wa tano. Mimi nilihamia mwaka 2014 kutoka Louisville, kwa sababu watu walisema Buffalo hata mbeba maboksi anaweza kununua nyumba. Kweli nikanunua. Nyumba yenyewe imechoka, lakini ina uwanja nyuma, na uwanja ule ndio niliutaka.

Niwaambie kwa nini. Mke wangu Séphora yuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tulifunga ndoa mahojiano yangu ya kuletwa Marekani yakiwa yamekwisha, wakaniambia, "Wewe tangulia, atakufuata." Kufuata huko kumefika miaka sita. Kila Jumapili ninampigia simu na kumtembeza nyumbani kwa maneno: hapa kitanda, hapa bafu, hapa jiko. Siku moja akanikatiza.

"Jiko liko ndani? Na madirisha mnayafunga kwa ajili ya baridi? Aka! Bagula, mimi sitapika kwenye sanduku. Unijengee nje, nione watu wakipita."

Nikamwahidi. Bon, mwezi wa nne mwaka huu wa 2016 wakampa tarehe: atasafiri katikati ya mwezi wa sita. Habari ilinikuta kazini, kule Cheektowaga, nikakaa chini kwenye sakafu ya ghala nikalia mpaka msimamizi akadhani nimeumia. Mara tu barafu ilipoyeyuka na ardhi ikalainika nikaanza kuchimba. Nilisogea karibu kabisa na maua, ili moshi usiingie ndani ya nyumba. Nguzo nne zikasimama, mabati yakapanda, bado kuta tu. Ndipo Mama Erick akatokea.

Siku hiyohiyo mwanawe Erick akanipigia kutoka Columbus. Kiingereza chake kinakimbia, lakini nilishika. Anataka kuuza nyumba ya mama yake, amchukue kwake, na hakuna mnunuzi atakayekubali paa la jirani juu ya kiwanja chake. Akanipa siku kumi, la sivyo mwanasheria. Nikamwambia mimi nimekimbia bunduki, karatasi haiwezi kunitisha. Nikamkatia simu.

Uongo. Ilinitisha sana. Nikibomoa, Séphora atafika akute mashimo matupu.

Nikaomba siku moja kazini, nikaenda ofisi za mji wakanichapia ramani ya kiwanja. Rafiki yangu Jean-Baptiste, fundi ujenzi, akaja na mashine yake inayolia ikikuta chuma ardhini, maana hapa mpaka unawekwa kwa chuma. Nilikuwa na hakika kabisa. Hata nikamwita Mama Erick aje aone aibu yake kwa macho.

Mashine ikapita kwenye maua, kimya. Ikapita tena, kimya. Jean-Baptiste akarudi nyuma hatua moja nzima upande wangu, ikalia. Tukachimba. Chuma cha mpaka kilikuwa hapo, na nguzo zangu mbili zilikuwa zimevuka.

Jean-Baptiste akaangalia viatu vyake. Mimi masikio yaliniwaka.

Kwetu Walungu, Kongo, miti ya mpaka inapandwa na majirani wawili, siku moja, wote wameshika jembe na watu wanaona. Miti inaposimama, hapo ndipo mwisho. Nani atapanda ndani ya shamba lake, aiache ardhi yake nje hivihivi? Kitu kama hicho sijawahi kukiwaza.

"Kizito wangu alifanya hivyo," Mama Erick akasema. Kizito ndiye marehemu mumewe. "Alisema matawi yatakua, yatamsumbua jirani. Akarudi nyuma hatua moja ndipo akapanda. Nilimcheka. Na wewe umechukua adabu yake ukaifanya mpaka."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Kwetu aliyeshindwa katika maneno ya mpaka analeta kasiksi, pombe ya ndizi, na aliyeshinda anakunywa wa kwanza. Sasa kasiksi hapa Buffalo utaitoa wapi? Nikabeba chupa sita za bia, nikapiga hodi kwake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kumbe unaijua!" Akazitazama chupa. "Kwetu ingekuwa rubisi ya ndizi." Akafungua moja, akanywa kwanza, bila mimi kumweleza lolote. Moyo wangu ukatulia.

Nikamwambia nitang'oa nguzo zote na kurudi kwangu. Akakubali. Ila aliomba jambo moja: upande wake nisiweke ukuta.

"Kwa nini?"

Akaizungusha chupa mkononi. "Jumapili ukizungumza na mkeo hapo nje, mimi nafungua dirisha. Tangu Kizito afariki, Kiswahili humu ndani nakisema na masufuria. Erick ananijibu Kiingereza."

"Umesikia yote?"

"Yote. Hata yale ya watu wazima. Jamani, baba, punguza sauti!"

Tulicheka mpaka nikafuta machozi. Halafu kila mtu akanywa bia yake akimkumbuka wake.

Siku nane mfululizo nilitoka kazini nikaingia shimoni. Erick akaambiwa na mama yake atulie, akatulia. Jiko likasimama upya, kuta tatu, upande mmoja wazi. Ijumaa nikapaka rangi. Jumamosi asubuhi Séphora akanipigia, yeye ambaye siku zote hubipu tu.

"Bagula. Wameniondoa kwenye safari. Vipimo vyangu vya hospitali vimepita muda. Wanasema tuanze upya."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema." Simu ikakatika.

Nilikwenda na nyundo. Nikaupiga ukuta mmoja, ubao ukapasuka. Nikapiga tena. Jiko la nani hili? Miaka sita ninalala upande mmoja wa kitanda, nimwachie mtu nafasi, mtu yuko wapi?

"Bagula! Acha!"

Mama Erick alikuwa anapenya kwenye maua yake, bakuli mkononi, kanga imenasa kwenye matawi. Hakuniuliza kitu. Dirisha lake lilikuwa wazi.

"Weka nyundo chini. Washa moto."

"Sina wa kupikiwa hapa, Mama."

"Nimesema washa moto. Samaki hawa wataharibika."

Nikawasha makaa. Akaweka mafuta, akaanza kukaanga, na hakunipa pole hata moja, nikamshukuru kwa hilo. Simu ikalia tena, safari hii ya picha. Séphora macho yamevimba. Mara akaona mgongo wa mwanamke nyuma yangu.

"Nani huyo anapika jikoni mwangu?"

"Ni jirani, mwanangu," Mama Erick akajibu bila kugeuka. "Nakuwashia tu. Mwanangu wa Columbus nimemwambia anisubiri, sihami mpaka nikukabidhi."

Mimi nikaanza kueleza: ni Mama Erick, maua ni ya marehemu, chuma kilikuwa upande huu...

"Nyamaza kidogo, Bagula. Unaongea sana. Uniweke hapo karibu na moto."

Nikageuza ndoo, nikaiegemeza simu juu yake ielekee jiko. Mama Erick akasogea asimzibe. Séphora akatazama samaki wakigeuzwa, upande mmoja, halafu wa pili.

"Mama," akasema, "hao waongezee chumvi."

Mama Erick akavunja kipande, akaonja. Chumvi ilitosha. Akaongeza.