Matusi ya Kupimia Dirisha

Upepo wa kule kilimani hauna adabu. Kiangazi unakuja na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye kopo la sukari. Masika unakuja na mvua ya ubavuni, mvua isiyojua kunyesha kutoka juu kwenda chini kama mvua za watu wengine. Na baridi yake, we acha tu! Watu wa mtaa ule wakijenga huuliza kwanza dirisha litatazama wapi, ndipo waulize jiko litakaa wapi.

Nyumba ya juu kabisa, ya mwisho kabla ya mawe, ilikuwa ya Refa na mkewe. Refa alichezesha mpira miaka na miaka, akastaafu, filimbi akaitundika, lakini urefa wenyewe ukakataa kumtoka. Majirani waliotupa taka ovyo walipewa onyo. Siku moja alimtoa mkwewe sebuleni kwa kosa la kumkatiza maneno, na mkwe akatoka kweli, akasimama uani mpaka chai ikaisha. Uamuzi wake haukuwa na rufaa. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia, ndiyo maana mtaani walimwita Mama Mapazia, na jina hilo alilibeba kwa kiburi chote. Alikuwa na msemo wake kwamba nyumba inaweza kukudanganya, pazia haliwezi.

Sasa mapazia ya nyumba yake mwenyewe yalikuwa yanamuumbua. Madirisha yalikuwa ya chuma, ya enzi hizo, kutu imezila bawaba, puti ya kushikilia vioo imekauka na kudondoka vipande vipande. Uyafunge, uyakaze, uyatie magazeti kwenye nyufa, pazia la chumbani litavimba tu. Usiku upepo ukianza, vioo viligonga kwenye fremu gwa-gwa-gwa mpaka kunakucha. Mama Mapazia alikuwa akikaa kitandani, shuka mabegani, anausikiliza muziki huo asioulipia kiingilio, na mumewe kalala chali pembeni yake, kimya.

La madirisha lingevumilika. Lililomkata maini ni kile kimya. Mchana, wakiwa mezani wanatazamana, Refa alijibu vizuri tu, tena kwa kirefu. Lakini mkewe akiwa amempa mgongo kwenye cherehani akauliza jambo, jibu hakuna. Taa ikizimwa ndiyo basi tena. Aseme, aulize, alalamike, ni sawa na kuongea na kabati. Hata redio mzee aliacha kuifungua, akasema habari ni zilezile. Mwaka ukapita hivyo, na Mama Mapazia, mwanamke mwenye akili zake timamu, akajumlisha moja na moja: huyu mtu amenichoka.

Mwezi uliopita alijikaza. Upepo unavuma, vioo vinagonga, akasema gizani, "Baba, mwanetu ananitaka nikakae kwake. Moja kwa moja. Ukitaka nibaki, sema neno moja tu. Hata la kunung'unika, nitalipokea."

Akangoja. Refa akajigeuza ukutani.

Basi, refa ameshatoa uamuzi. Asubuhi Mama Mapazia akampigia binti yao simu akamwambia anakuja, ila kwanza atafunga madirisha mapya.

"Mama, si unahama? Madirisha ya nini tena?"

"Baba yako ana kifua kibovu. Siwezi kumwacha mtu kwenye baridi ile, hata kama kanidharau. Nikishayafunga nikaona pazia limetulia, nachukua cherehani yangu naondoka."

Alipomweleza Refa habari ya madirisha, mezani, uso kwa uso, alitegemea ubishi. Mzee hakubisha hata chembe. "Twende," akasema. "Tena tuchukue yale mazito, yasiyopitisha hata mnong'ono." Mama Mapazia akazidi kuumia. Kumbe ulimi anao! Kwa madirisha anajibu, kwa mke hajibu.

Duka lenyewe lilikuwa mjini chini, vioo vimeegemezwa ukutani mbele, na uani nyuma kuna kibanda cha mbao chenye tundu moja kubwa ukutani, saizi ya dirisha. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi na kalamu mbili sikioni.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Hapa hatuuzi maneno, tunauza ushahidi," akasema, kisha akauza maneno kwa robo saa. Madirisha yalikuwa ya aina tatu: la kuteleza, la kufungua kwa bawaba, na la vioo viwili lenye hewa iliyofungiwa katikati. Mteja anakaa ndani ya kibanda, dirisha linapachikwa kwenye tundu, na nje feni kubwa ya kiwandani inawashwa kulielekea.

"Hiyo ni ya upepo," akasema Refa, ambaye alikuwa ameshajitambulisha kwa cheo chake chote na mechi zake kubwa. "Ya kelele je?"

"Ya kelele ni shangazi."

Shangazi wa muuzaji alikuwa ameketi nje kwenye kigoda karibu na tundu lile, mwiko mkononi, sufuria tupu magotini. Akawaamkia kwa upole kabisa.

"Kelele tupu mteja huizoea," muuzaji akaeleza. "Tusi halizoeleki. Kwa hiyo shangazi anagonga sufuria na kuwatukana. Msikasirike, ni kazi tu, nyumbani ni mtu wa watu. Mteja akikunja uso, najua dirisha linapitisha. Akitabasamu, naandika oda."

"Na mimi nina shahidi wangu," akasema Mama Mapazia. Akatoa mkobani pazia jepesi, akalitundika ndani ya kibanda mbele ya tundu, likalifunika lote. Kisha yeye na mumewe wakakaa kwenye viti viwili vya plastiki, mikono mapajani, kama wanaopigwa picha.

Likapachikwa la kuteleza. Feni ikanguruma. Pazia likaanza kucheza, tena bila aibu, na shangazi akafungua kinywa.

"We mzee! Hiyo suruali umeivaa au umeikimbia? Mbona imeishia njiani? Na wewe mama, hicho kilemba umebeba na godoro humo ndani?"

Mama Mapazia akafura. Kilemba kile alikishona mwenyewe! Akamgeukia mumewe, akitegemea kumwona ameshasimama, mkono juu, anamtoa mtu nje. Refa alikuwa ametulia tuli, anatabasamu. "Si baya," akasema, "ila pazia linatikisika." Mkewe akajiambia, leo mzee kajaliwa subira, ama ni kwa kuwa na mimi nimetukanwa?

Likaja la bawaba. Pazia likatikisika pembeni tu, na sauti ya shangazi ikapenya nyembamba, lakini kila neno na herufi zake. "Hiyo pua ulizaliwa nayo au uliiokota? Kaeni humo humo, dunia ipumzike!" Refa akatikisa kichwa kwa kuridhika, mithili ya mtu anayeonja mchuzi. Mama Mapazia akamtazama tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi.

Kwa ajili ya la tatu, muuzaji akazima feni, akalichomoa lile la bawaba, akaingia nalo stoo kufuata la vioo viwili. Tundu likabaki wazi, hewa tupu, nyuma ya pazia. Kosa lake ni moja: hakumwambia shangazi apumzike. Na shangazi alikuwa ndiyo kwanza damu imemchemka. Alikaza macho kwenye sufuria yake, akaigonga mpaka mwiko ukalalamika, akaanza upya kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo.

"Eti refa! Refa wa wapi wewe? Filimbi ulikuwa unapuliza kwa mdomo au kwa pua? Sema kweli, ulikuwa refa au ulikuwa muokota mipira? Magoli ya kuotea yote uliyakubali, macho umeyaweka rehani!"

Mama Mapazia akashika kiti. Jamani! Hayo si maneno ya kumwambia Refa. Kuna jirani aliwahi kugusia goli moja tu la kuotea, moja tu, kwa utani, na mpaka leo wakikutana dukani Refa hununua chumvi akiangalia dari. Akafumba macho kusubiri balaa.

Balaa halikuja. Alipoyafumbua, mumewe alikuwa anang'aa uso.

"Hili!" Refa akasema, akapiga paja. "Mpira umekwisha. Hili ndilo dirisha. Tazama pazia lilivyotulia. Na yule mama simsikii kabisa!"

"Acha mzaha, baba."

"Mzaha wa nini? Kimya kabisa. Mwite kijana aandike."

Muuzaji akatokea mlangoni, amekumbatia dirisha la vioo viwili kwa mikono yote, jasho linamtiririka. "Mzee, lipi hilo unalolisifia? La tatu si hili hapa ninalo?"

Refa akalitazama lile dirisha mikononi mwa mtu. Akalitazama pazia. Akainuka taratibu, akalivuta kando, na mle tunduni, hatua mbili mbele yake, akakutana uso kwa uso na shangazi, mwiko juu, mdomo wazi katikati ya tusi. Shangazi akaona haya, asijue la kufanya na mdomo ule.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Muuzaji akaangua kicheko, kalamu zote mbili zikadondoka. Mama Mapazia hakucheka. Alikuwa anatazama shingo ya mumewe kwa nyuma, ile shingo ngumu ya siku zote, jinsi ilivyolegea.

"We, peleka hicho kioo chako nje," akamwambia muuzaji. "Na shangazi yako mpe maji anywe."

Wakabaki wawili. Refa akarudi kukaa. Akayatazama mapaja yake, na mkewe akaelewa kwamba akiendelea kutazama mapaja hawezi kuambiwa kitu. Mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine na kujipanga: mezani wanatazamana, anajibu; cherehani mgongo, hajibu; giza, hajibu. Redio. Mkwe aliyemkatiza maneno! Maskini, hakumkatiza, mzee hakumsikia akianza kusema, alipogeuka akaona mdomo unacheza tu, akampa adhabu.

Akamgusa goti. Refa akainua uso.

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo," Refa akasema. "Mara ya kwanza nilidhani ni filimbi za miaka yote hiyo, zitapita. Sauti zinanifikia kwa mbali, zimekatikakatika. Nikikutazama mdomo napata. Nisipokutazama, sipati."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Mtu mzima nimeshakwisha, masikio yameondoka? Mngekaa kikao mkanihamisha, mkanigawana kwa zamu."

Mama Mapazia akampiga begani kwa mkoba. Hakumpiga kwa nguvu, ila mzaha haukuwemo. "Mwaka mzima!" akasema, na machozi yakatangulia maneno. "Mwaka mzima nalia peke yangu kwenye kitanda cha watu wawili! Nikajua nimechokwa! Nimekuita wewe majina humu moyoni, baba, shangazi yule ni mtoto mdogo!"

"Nimemchoka nani? Wewe?" Refa akashangaa kweli, macho yakamtoka. Hata yeye hakuwahi kufikiri kwamba kimya kina upande wa pili.

Mama Mapazia akajifuta uso kwa ncha ya pazia, kisha likamjia jambo. "Hebu subiri kwanza. Kama husikii, haya madirisha yasiyopitisha mnong'ono uliyataka ya nini? Upepo si haukusumbui?"

"Upepo siujui," Refa akasema. "Ninakujua wewe. Ukivuma, wewe unakaa kitandani. Ukikaa godoro linainuka upande wangu, naamka. Nalala pale najua umekaa gizani na sijui ni baridi au unalia, na nikikuuliza sitasikia utakachojibu. Nikasema, tukipata madirisha mazito utalala."

Mama Mapazia akaweka mkoba chini. Nje sufuria ilikuwa kimya. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mzee kidevu, uso ukamtazama sawasawa, akalirudia swali lake la mwezi uliopita, polepole, kila neno likipewa nafasi yake. Kwamba mwanao ananitaka nikakae kwake. Moja kwa moja. Nami nimeshakubali. Wewe unasemaje?

Akaona neno moja moja linavyomwingia. Akaona lilipofika. Kwa mara ya kwanza Refa hakuonekana kuwa na uamuzi wowote mfukoni.

"Uende?" akasema mwisho. "Sasa upepo ukivuma, mimi nitajuaje?"

Mama Mapazia akacheka, akalia, akachanganya vyote viwili mpaka muuzaji akachungulia kwa wasiwasi kuona kama kuna kioo kilichovunjika. Akasimama, akavuta pazia lake likakaa sawa, akaenda mpaka mlangoni na kupaaza sauti kuelekea uani.

Nyuma yake, Refa, mtu asiyewahi kuomba jambo lirudiwe maishani mwake, akauliza kwa woga kidogo, "Umesema nini, mama?"

Mama Mapazia akageuka mwili mzima, akasimama penye mwanga auone mdomo wake vizuri.

"Nimesema walete lile la tatu. Na shangazi aanze upya, mimi ndiye nitakayesikiliza," akasema. "Na nimesema sihami."